Umesimama kwa Nani?

Siku ya kuniaga nilipostaafu mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru. Ni nzuri, na inagonga kwa sauti, ili hata mtu asiye na pa kwenda ajue kwamba amechelewa. Mlinipa na kazi pia: niwaandikie, nyinyi wadogo zangu wa meza ya burudani, yale niliyoyaona miaka yote niliyofuata bendi changa na matamasha ya kandokando ya ziwa. Bosi wenu alipendekeza niandike "mafanikio na changamoto". Hayo yamo kwenye faili langu la utumishi, na hata mimi mwenyewe yananiletea usingizi. Nitawaandikia habari za mhariri aliyenifundisha kazi, na za msichana mmoja wa Buhongwa na gitaa lake, maana sehemu kubwa ya ninachokijua nilikijua mchana mmoja pale Busisi nikimtazama yeye na baba yake.

Nilikuja Mwanza mjini kutoka Ukerewe nikiwa na cheti cha kidato cha nne, sanduku la bati na imani kwamba kuandika habari za muziki ni kulipwa kwa kwenda dansi. Gazeti letu la wakati ule lilikuwa na vyumba viwili juu ya duka la mabati. Mhariri alikuwa Mzee Projestus, Mhaya ambaye suruali zake zilinyooshwa kwa pasi mpaka ungedhani zinaweza kusimama zenyewe. Nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unajua kucheza muziki?"

Nikajibu kwa fahari kwamba kwetu kisiwani hakuna harusi niliyokaa kwenye kiti.

"Basi acha," akasema. "Kuanzia leo hutacheza tena penye kazi. Mwandishi akicheza, ameshapiga kura, na aliyepiga kura hawezi kuwa msimamizi wa uchaguzi."

Nilicheka. Yeye hakucheka, akanionyesha meza yangu, ambayo ilikuwa nusu ya meza ya mtu mwingine.

Alinifundisha kusimama nyuma ya umati, siyo mbele. "Mwimbaji atakudanganya," alisema, "na mwenye ukumbi ndiyo usiseme. Tazama miguu ya watu. Mtu anaweza kupiga makofi kwa adabu, lakini hakuna anayetikisa mguu kwa adabu." Nilipoandika kwa mara ya kwanza kwamba ukumbi ulifurika, alinirudisha kule asubuhi yake nikaulize viti vilikuwa vingapi. Tangu siku hiyo sijaandika kwamba ukumbi ulifurika, na nikisoma mmeandika nyinyi, natamani kuwatuma mkahesabu viti.

Vifaa vyetu vilikuwa redio kaseti moja ya ofisi, nzito kama tofali, na penseli. Penseli haikuwa ya kuandikia. Ilikuwa ya kurudisha mkanda nyuma, ili tusimalize betri. Betri zikichoka tulizianika juani kwenye bati la choo, na zikapata nguvu za kumaliza mahojiano mafupi. Nilijifunza pia kumwendea mpiga ngoma kabla ya mwimbaji, kwa kuwa mpiga ngoma hukaa nyuma na anamwona kila mmoja wao anapokosea. Nilijifunza kutokula sangara wa mwandaaji wa tamasha kabla ya kumuuliza maswali. Na wale wadudu wa ziwani wanapopanda kama moshi, nilijifunza kuuliza maswali mafupi na kufunga mdomo haraka.

Ni mpiga ngoma mmoja aliyeniambia habari za bendi iitwayo Wana Mashineni. Buhongwa ya wakati ule ilikuwa mashamba ya mihogo na nyumba chache kando ya barabara ya Shinyanga, na katikati yake mashine ya kusaga inayotumia umeme. Vijana wanne walikuwa wakifanya mazoezi humo, muda ambao hakuna mteja. Mteja akifika na debe lake la mahindi, muziki ulizimwa, mashine ikawashwa, na bendi nzima ikasimama kando kungoja. Nilikuta unga kwenye nyuzi za gitaa, kwenye spika, na kwenye nyusi za mpiga besi.

Aliyepiga gitaa la solo na kuimba alikuwa msichana wa umri wangu aitwaye Kabula, mpima mahindi wa mashine ile. Alikuwa mkimya na mwenye mikono mikubwa. Vidole vyake vilicheza kitu ambacho nilikuwa nimeshakisikia mahali, lakini siyo kwenye gitaa. Nikasikiliza mpaka nikakitambua: zilikuwa sauti za waimbaji wa ngoma za Kisukuma, jinsi wanavyoitikiana, kazivunja na kuziweka kwenye nyuzi sita.

"Nani amekufundisha hivi?" nikamuuliza.

"Baba," akasema. "Ila yeye hajui kama amenifundisha."

Niliandika habari fupi, nikaipa kichwa cha kuchekesha kuhusu bendi inayosaga. Mzee Projestus alikikata kile kichwa, akanitazama kwa huruma, lakini habari yenyewe akaiacha ilivyo. Tangu hapo nikawa naenda Buhongwa hata siku ambazo sikuwa na la kuandika. Mimi na Kabula tukawa marafiki, urafiki wa kukaa juu ya magunia tukila mihogo ya kuchemsha. Ndivyo ilivyotokea nikawepo siku baba yake alipofika.

Alisimama mlangoni, mzee mrefu, koti la suti juu ya kaptula, fimbo mkononi. Kabula aliliegesha gitaa ukutani, akapiga magoti, akamwamkia kwa Kisukuma. Na mimi nikamwamkia.

"Marahaba, mama. Kalibu sana," akanikaribisha kwenye mashine isiyo yake.

Huyo alikuwa Manju Lusangija. Kwa wale mlioletwa Mwanza na kazi, nieleze kidogo. Manju ni mtunzi na kiongozi wa ngoma. Usukumani ngoma zina kambi mbili tangu zamani, Bagika na Bagalu, na baada ya mavuno makundi mawili hukutana kwenye uwanja mmoja, kila moja upande wake, na yote hupiga kwa wakati mmoja. Hakuna jaji wala alama. Mshindi ni yule ambaye watu wamemwendea. Miguu yako ndiyo kura yako, na unaruhusiwa kuibadilisha mara nyingi upendavyo mpaka jua lishuke. Ndiyo maana manju hutunga nyimbo za kumsema mwenzake, kwa sababu mtu akisikia kicheko upande wa pili lazima akaone kuna nini. Lusangija alikuwa wa Bagika, wale wanaocheza na majembe, na jina lake lilijulikana mpaka ng'ambo ya ziwa.

Alimtazama binti yake, akanigeukia mimi kana kwamba nimemuuliza. "Huyu ni wangu wa tatu. Wenzake wana ng'ombe. Huyu ana waya."

Kisha akamrudia Kabula.

"Haya, hilo gitaa lako linavuta watu?"

"Linavuta, baba."

"Linavuta walevi. Mlevi havutwi, mlevi anaangukia upande wowote." Akakohoa. "Sikia. Tukishavuna pamba kuna tamasha Busisi, ng'ambo ya kivuko. Mimi nimealikwa, na nasikia na nyinyi mmealikwa. Tutasimama, wewe kule, mimi huku. Watu wakija kwako, baki na waya zako, sitasema neno tena. Wakija kwangu, unaliweka hilo gitaa chini mbele yangu na unarudi nyumbani."

"Sawa, baba," akasema Kabula.

Nilimfuata mzee nje na redio yangu. Nikamuuliza kama amewahi kushindwa.

"Na Shija," akasema. "Shija wa Bagalu. Alinipiga, nikampiga, akanipiga tena. Mwaka mmoja alinipiga mpaka mke wangu mwenyewe nikamwona kule kwake anacheka." Akatazama barabara. "Amekufa Shija. Tangu afe, nashinda tu."

Nilidhani anajisifu.

Niliporudi ndani nilikuwa na hasira kumzidi mwenye gitaa. Nilimwambia Kabula kwamba hakulazimika kukubali, kwamba yeye ni mtu mzima, anajitegemea, anaweza kupiga muziki wake Buhongwa mpaka azeeke. Alikuwa akifuta unga kwenye nyuzi kwa pindo la kanga.

"Nikikataa nitapiga, dada," akasema. "Lakini nitapiga kama mtu aliyetoroka. Kila wimbo nitakuwa natazama mlangoni. Sitaki."

Tamasha lile liliandaliwa na kampuni moja ya vinywaji, na aliyetumwa kulisimamia alikuwa kijana wa Dar es Salaam aitwaye Sefu. Nawaomba msimcheke. Alikuwa mtu mwema, mchapakazi, amejenga jukwaa zuri na kuandika ratiba nzuri: saa nane ngoma ya asili, saa tisa bendi, saa kumi zawadi. Kila mmoja na zamu yake, jukwaa moja, kamba mbele, watu wamekaa. Popote pengine nchini angesifiwa.

Manju Lusangija alisomewa ile ratiba, akauliza, "Yaani mimi nacheza, yeye amekaa?"

"Ndiyo mzee. Halafu yeye anapiga, wewe unapumzika."

"Ngoma inapanga foleni? Foleni ni ya kivukoni."

"Mzee wangu, ratiba imeshapitishwa na wakubwa."

"Hao wakubwa watacheza?"

Sefu akasema hapana, watakaa kwenye viti vile vya mbele.

"Kijana, sikia," akasema Lusangija, na sasa alisema kwa upole. "Watu ukiwafungia kwa kamba, hawana pengine pa kwenda. Mtu asiye na pengine pa kwenda, mimi nitajuaje kama nimemvuta?"

Sefu alimgeukia Kabula, akitegemea msaada wa kijana mwenzake. Kabula alisema, "Baba amesema kweli." Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wawili wale upande mmoja wa jambo, na nikaona kumbe wana kidevu kimoja.

Basi kamba ikafunguliwa. Sefu akajaribu kunusuru kinachonusurika: bendi ibaki jukwaani, mzee achukue upande wa pili wa uwanja. Kabula akakataa jukwaa. Kama baba yake yuko chini, naye atakuwa chini. Wana Mashineni wakashusha spika zao, wakavuta waya mrefu kutoka kwenye jenereta, wakajipanga kwenye vumbi. Mtu mmoja akasema siyo haki, spika zitammeza mzee. Lusangija akasema, "Mwache apige kelele. Kelele haina miguu." Sefu alikaa kwenye ngazi ya jukwaa lake tupu, ratiba mkononi. Nilimwonea huruma.

Kati ya ngoma mbili huachwa nafasi. Watu wanaivuka lakini hawasimami humo, kwa hiyo nyasi zake hubaki. Mimi nilisimama humo na redio kaseti begani, kwa sababu ndipo mahali pekee pasipokuwa pa mtu yeyote. Bibi mmoja mwenye kapu la dagaa alipita akanishangaa.

"Wewe binti, umesimama kwa nani?"

"Mimi mwandishi, bibi."

"Nimesikia. Mwandishi wa nani?"

Nikacheka. Yeye akaendelea na safari yake kwenda kwa Kabula, maana mwanzoni karibu wote walikwenda kwa Kabula. Gitaa lilikuwa jambo jipya. Walikuja wachuuzi wa samaki, madereva walioacha magari yao kwenye foleni ya kivuko, vijana wa kutoka Sengerema wenye baiskeli. Wana Mashineni walipiga vizuri kuliko nilivyowahi kuwasikia. Upande wa pili Lusangija hakuwa na haraka. Ngoma zake zilienda taratibu, mwenyewe akizunguka akiwarekebisha wachezaji mikao kama mtu anayepanga nyumba kabla ya wageni.

Kisha majembe yakapanda. Wachezaji waliyarusha juu yote pamoja, yakageuka hewani na kudakwa kwa mpini kwenye pigo la ngoma, na watu wa nyuma wakaanza kugeuza shingo. Na mzee akaimba. Kisukuma changu ni cha sokoni, lakini wimbo ule niliuelewa. Kabula ni jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua, na baba yake aliimba kwamba anaye binti aliyesomea kusaga, unga umemwingia masikioni, anasikia umeme, mvua iliyomleta haisikii. Vicheko vikalipuka. Watu walipita pande zote mbili zangu wakikimbia, mwingine akanikanyaga.

Hapo ndipo Kabula aliponitazama.

Mbele yake walikuwa wamebaki wachache. Alinitazama mimi, rafiki yake, niliyekula naye mihogo juu ya magunia, na hakuashiria wala kuita. Alitazama tu, kisha akatazama miguu yangu. Nilitaka kwenda. Sijawahi kutaka kitu namna ile. Zilikuwa hatua chache za nyasi, na mtu mmoja zaidi pengine angewavuta wawili, na wawili kumi. Lakini kesho yake ningeandika nini, na nani angeniamini? Nilikaza magoti nikabaki palepale. Msidhani najuta. Iliuma tu, na nawaambia ili ikiwauma nanyi msifikiri mmekosea.

Kabula aliinua mkono, bendi ikanyamaza. Akabaki yeye na mpiga ngoma. Akaanza kupiga kwa gitaa sauti ileile ya wimbo wa baba yake, pole pole, akamjibu kwa Kisukuma chake: baba yangu shujaa, amewashinda wote, tangu Shija alale, anacheza na kivuli chake, jua likizama, baba, nani atasimama mbele yako?

Walicheka mwanzoni, maana wimbo wa kumsema mtu huchekwa. Kisha kicheko kikapungua. Wazee waliomjua Shija wakaacha kucheka kabisa. Nikamwona Lusangija amesimama katikati ya hatua, jembe begani, akisikiliza. Ndipo nilipokumbuka maneno yake nje ya mashine, na nikaelewa kwamba siku ile hakuwa akijisifu. Alikuwa na upweke. Miaka yote hiyo alikuwa mtu anayeshinda bila kuwa na mwenzake, na aliyelijua hilo ni huyu wa tatu, mwenye waya.

Watu walianza kurudi kwa Kabula. Kwa muda mfupi uwanja uligawanyika sawa, nyasi zangu katikati.

Nilidhani mzee amevunjika. Badala yake alitupa koti chini na kucheza. Sitajaribu kueleza sana, Mzee Projestus angekata. Alicheza kama kijana aliyeitwa jina lake na mtu aliyekuwa akimngoja. Jembe lilipanda, yeye akageuka, likashuka mkononi mwake, na uso wake ulikuwa unacheka wote. Watu walihama. Alihama bibi wa dagaa, walihama madereva, alihama hata Sefu kutoka kwenye ngazi yake. Kabula alimaliza wimbo wake mbele ya uwanja mtupu, ubeti wa mwisho mpaka neno la mwisho, hakuukata.

Kisha akavua mkanda wa gitaa. Akavuka nyasi, akanipita bila kunitazama, akapiga magoti mbele ya baba yake, akaliweka gitaa chini. Ngoma zilinyamaza. Waya ulikuwa bado umechomekwa, na spika zikatoa mlio mdogo wa kukoroma mpaka mpiga besi akaenda kuzizima.

Lusangija alijifuta jasho kwa kiganja. Alilitazama lile gitaa.

"Mwakani unakuja na nini?" akauliza.

"Mwakani nitakuwa nyumbani, baba. Ulisema."

"Nilisema uliweke chini. Si umeliweka?"

"Nimeliweka."

"Haya, liokote." Sauti yake ilikuwa inakwaruza. "Unataka nirudi kucheza na kivuli? Liokote, mwanangu. Mwakani ongeza ngoma mbili, hizo zako nyepesi. Nitakupiga tena."

Kabula hakuliokota mara moja. Aliinama pale chini akalia, mikono yake mikubwa usoni, na baba yake akasimama juu yake asijue afanye nini na jembe lake. Mimi nililia pia, kule katikati, redio ikiwa imewashwa. Ule mkanda ninao mpaka leo, na kuna mtu anapenga makamasi ndani yake.

Tulirudi kwa kivuko kimoja, majembe na spika pamoja. Mzee alinijia akaniambia, "Mwandishi, andika kwamba nimempiga." Kabula, macho bado mekundu, akasema, "Andika. Halafu andika kwamba mwakani nampiga mimi." Niliandika yote mawili.

Mzee Projestus alisoma akiwa amesimama. "Nani alishinda?"

"Baba yake Kabula, mzee. Nimeandika."

"Na wewe ulisimama wapi?"

"Katikati."

"Iliuma?"

"Iliuma."

Alimimina nusu ya chai yake kwenye kikombe changu. "Itaendelea kuuma," akasema. "Siku ikiacha kuuma, nenda kafanye kazi ya benki." Hakukata hata neno moja, na habari zangu zote zilizofuata alizikata.

Walisimama wakikabiliana miaka mingi, baba na binti. Mara nyingi mzee alishinda. Mwaka Kabula aliposhinda, Lusangija alitembea Busisi nzima akiwaambia watu kama vile ni yeye aliyeshinda. Alipofariki nilikwenda msibani kwa kazi. Baada ya kuzika, Kabula alisimama upande mmoja wa kaburi akapiga ule wimbo wake wa kivuli, na upande wa pili hapakusimama mtu. Niliandika hivyo tu. Sikuweza zaidi.

Yaliyofuata mnayajua au mnaweza kuyasoma. Kaseti zilikufa, bendi nyingi zikafa, nyingine zikazaliwa kwenye simu. Nilisimama katikati ya viwanja vingi, na magoti yangu yalizoea.

Wiki mbili baada ya nyinyi kunipa saa, nilikwenda Busisi. Nilivuka kwa daraja jipya, na nikafika upesi mno hata nikasahau kupanga nitawaamkiaje watu. Kabula ana mvi sasa, wanamwita Manju, na mbele yake siku hiyo walisimama vijana wa Buzuruga wenye kompyuta moja, spika ndefu kumzidi mtu, na ngoma moja ya Kisukuma waliyoiweka katikati kwa heshima. Rehema wetu wa burudani alikuwa kazini, amesimama kwenye nyasi na simu yake. Mimi, kwa mazoea, nikaenda kusimama pembeni yake.

"Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba."

Vijana walikuwa wanapiga vizuri, sina ubaya nao. Watu walikuwa wanawaendea, miguu yao ilikuwa inasema kweli. Upande wa Kabula palibaki wachache, wengi wao wa rika letu, na wengine nadhani walibaki kwa sababu ya viti. Kabula aliinua uso kutoka kwenye gitaa, akaniona, kisha akatazama miguu yangu.

"Mama," akasema Rehema, "leo si uko huru? Umesimama kwa nani?"

Nilimpa anishikie mkoba. Nikavua viatu, maana nilitaka kuzisikia zile nyasi, nikavuka kwenda kwa Kabula, na nikacheza mpaka goti likanikumbusha umri. Tulishindwa vibaya, Rehema, uliona mwenyewe, na naomba usiandike vinginevyo.